Ozoni ya chini, pumu na jua la Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Maswali haya huulizwa na wazazi wa watoto wenye pumu, madereva wa bodaboda, wenye boti, wanafunzi, na mara nyingine na mzee mmoja barazani anayetaka tu kubisha. Ozoni, gesi iliyoko juu angani na pia katika hewa tunayovuta, inafaa kubishaniwa. Kila hatua ya kuipunguza ina upande wa pili, na pande hizo zimefikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hoja kwamba ozoni ya chini hutukinga na jua ina ukweli, ila uzito wake ni mdogo sana. Hasara za kuogopwa ziko kwenye bei ya nishati, jikoni, na pale serikali inapopunguza kitu kimoja ikasahau kingine.

Ozoni si ndiyo inayotukinga na jua? Imekuwaje tena iitwe uchafu?

Gesi ni hiyo hiyo moja. Kinachobadilika ni mahali ilipo. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35 hivi, na huko inazuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua inayounguza ngozi. Asilimia 10 hivi iliyobaki iko katika hewa ya chini, na sehemu ya hiyo ndiyo tunayoivuta puani. Bahari hubeba jahazi, lakini maji hayo hayo yakiingia ndani ya jahazi watu huanza kuyafua, yaani kuyamwaga nje.

Je, moshi wa gari unatoa ozoni?

Hautoi moja kwa moja. Injini, jenereta na moto hutoa oksidi za nitrojeni. Petroli inayovukiza kwenye kituo cha mafuta, rangi, tina, gundi za karakana ya faiba, moshi wa taka na hata majani ya miti hutoa mvuke wa kikaboni, yaani wa kemikali zenye kaboni. Vitu hivi viwili vikikutana chini ya jua kali, ozoni hutengenezwa hewani kwa muda wa saa kadhaa. Ndiyo maana hupanda alasiri, na mara nyingi huwa nyingi zaidi upande ule ambao upepo unaelekea, mbali na mahali moshi ulipotoka. Anayechafua na anayekohoa huenda wasijuane.

Injini za boti za mipigo miwili, zile za kuchanganya petroli na oili, zinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu sehemu ya petroli hutoka bila kuungua kabisa. Ukiona mafuta yaking'aa juu ya maji gatini, jua kwamba mengine yamekwenda hewani.

Sisi tuko kando ya bahari na upepo hauishi. Kwani tuna ozoni ya kuogopa?

Kwa kawaida hewa ya bahari kuu ni safi, na ina sifa moja ambayo wengi hawaijui: hewa yenye unyevu mwingi, jua kali na oksidi chache za nitrojeni huiharibu ozoni badala ya kuitengeneza. Wakati wa kusi, upepo unapotoka bahari kuu ya kusini, tunapata hewa ya namna hiyo. Kaskazi ni habari nyingine, kwa sababu upepo unashuka kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Mwanzoni mwa mwaka 1999, utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao INDOEX ulikuta ukungu wa uchafu kutoka Asia ya Kusini umetanda juu ya Bahari ya Hindi kaskazini, mbali na nchi kavu. Upepo uliowaleta mababu na tende na mazulia huleta pia moshi wa viwanda.

Jambo hili si geni Malindi. Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, panajulikana kwa roketi. Wachache wanajua kwamba Malindi pia ilikuwa miongoni mwa vituo vya SHADOZ, mradi wa NASA ulioanza 1998 wa kurusha maputo yenye vipimo vya ozoni katika nchi za tropiki. Nairobi nayo imo katika mradi huo, maputo yakirushwa na Idara ya Hali ya Hewa kutoka Dagoretti. Vipimo vya namna hii ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba moshi wa mioto ya misitu na mashamba kusini mwa Afrika huongeza ozoni katika hewa ya tropiki, hasa kati ya Julai na Oktoba.

Lakini usafi wenyewe una mtego. Katika hewa ambayo oksidi za nitrojeni ni chache, kila kiasi kipya kinachoongezwa huzalisha ozoni nyingi zaidi kuliko kiasi hicho hicho kikitupwa katikati ya jiji lililokwisha kuchafuka. Kwa hiyo bandari ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na malori na meli zake, haziwezi kupimwa kwa kusema tu kwamba Mombasa ina moshi zaidi.

Inamdhuru mtu vipi?

Ozoni haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo haikwami puani na kooni kama gesi nyingine. Inafika ndani kabisa ya mapafu na kuunguza utando wake. Mtu hukohoa, kifua hubana, pumzi haishuki mpaka chini. Mwenye pumu hupata mashambulizi zaidi. Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee, na watu wanaofanya kazi ngumu nje alasiri: mjenzi, mpakuzi wa mizigo, mkokota mkokoteni. Hawa huvuta hewa nyingi zaidi kwa dakika kuliko aliyekaa chini ya feni.

Kiwango salama ni kipi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi mikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na mwaka 2021 likaongeza kiwango cha 60 kwa wastani wa msimu ambao ozoni iko juu zaidi. Marekani ilikuwa na kikomo cha sehemu 120 kwa bilioni kwa saa moja tangu 1979, ikaja 80 kwa saa 8 mwaka 1997, 75 mwaka 2008, na 70 mwaka 2015. Hiyo 70 ni kama mikrogramu 140, kwa hiyo kikomo chao kiko juu ya pendekezo la WHO. Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 chini ya sheria ya mazingira, EMCA.

Namba hizi zimeshuka kwa sababu tafiti mpya zilikuta madhara chini ya kikomo cha zamani. Hakuna mstari ambao chini yake mapafu ya kila mtu yako salama. Mahali pa kuuweka mstari ni uamuzi wa watu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Nimesikia huko Marekani walidai mahakamani kwamba ozoni ya chini inazuia saratani ya ngozi. Ni kweli walisema hivyo?

Walisema, na hawakuwa wendawazimu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipotangaza kikomo cha 1997, chama cha wenye malori na wengine walilishitaki. Hoja yao mojawapo ilikuwa hii: ozoni ni ozoni, hata ya chini inachuja miale ya urujuanimno aina ya B, kwa hiyo ukiipunguza utaongeza saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa jijini Washington ilikubali kwamba EPA haiwezi kuhesabu madhara ya ozoni ikaziba macho kwa faida yake, ikaamuru jambo hilo lipimwe. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Antonin Scalia, ilisema jambo tofauti: katika kuweka kikomo cha afya, EPA hairuhusiwi kuhesabu gharama za wenye viwanda. Lakini suala la jua halikuwa la fedha, lilikuwa la afya dhidi ya afya, na likarudi mezani kwa EPA. Mwaka 2003 EPA ikajibu kwamba imelipima, na kikomo kinabaki palepale.

Kisheria nadhani mahakama ya rufaa ilikuwa sahihi. Ukipima dawa, unapima na madhara yake. Ila tupige hesabu yenyewe, maana haihitaji zaidi ya kalamu.

Ozoni yote iliyo juu ya kichwa cha mtu hupimwa kwa kipimo cha Dobson. Karibu na ikweta, hapa kwetu, ni kama Dobson 260. Tuseme sheria kali imefaulu kupunguza sehemu 10 kwa bilioni katika kilomita nzima ya kwanza ya hewa, jambo ambalo lingekuwa ushindi mkubwa. Hiyo ni kama Dobson 1 tu. Dobson 1 kati ya 260 haifiki nusu ya asilimia moja, na miale inayounguza ngozi ingeongezeka kwa takriban nusu asilimia. Sasa linganisha: miale ya saa sita mchana Malindi ni zaidi ya maradufu ya ile ya saa tatu asubuhi. Anayetoka nje dakika chache mapema karibu na mchana amekwisha kuongeza zaidi ya ile nusu asilimia.

Tena hasara hiyo ya jua ina kinga rahisi: kivuli, kofia, kanzu ya mikono mirefu. Hewa haina kofia. Mtu hawezi kuchagua kutopumua mpaka alasiri ipite.

Lakini kwa mtu mwenye ualbino au mvuvi anayeshinda juani, hata nusu asilimia si kitu?

Ni swali la haki, na nisingependa lijibiwe kwa wastani. Hapa kipimo cha nguvu ya miale ya jua hupita 11 mara nyingi, ngazi ambayo WHO huiita ya hatari kupindukia. Mtu mwenye ualbino katika jua hilo anahitaji mafuta ya kujikinga, kofia pana, miwani na kliniki ya ngozi, ozoni ya chini iwepo isiwepo. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kugawa mafuta hayo. Kama hayafiki kijijini, huko ndiko kwa kupigia kelele. Mvuvi naye anapata mtoto wa jicho na nyama za jicho kwa sababu maji hurudisha mwanga usoni, na miwani myeusi yenye kinga ya kweli inamsaidia mara nyingi kuliko moshi wowote uliobaki mjini.

Na vitamini D?

Hoja hii inageuza ile ya kwanza: sasa miale ni mizuri na ozoni inaipunguza. Ni kweli, kwa kiasi kile kile kidogo. Dada au mama anayevaa buibui na kukaa ndani siku nzima anaweza kupungukiwa vitamini D hata Amu, yaani mji wa Lamu, kwenye jua lote hili, na dawa yake ni ua wa nyumba, dari, samaki wenye mafuta, au vidonge vya daktari.

Wakati wa korona magari yalipungua lakini ozoni ikapanda katika miji fulani. Basi kudhibiti magari kuna faida gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndipo penye hasara halisi ya kudhibiti vibaya.

Moshi mbichi wa injini una gesi ambayo huila ozoni. Katikati ya jiji lenye msongamano, moshi ni mwingi kiasi kwamba ozoni haipati nafasi. Ukipunguza malori tu, huku mvuke wa petroli, rangi na viwanda ukibaki vile vile, mlaji ameondoka na ozoni inapanda. Los Angeles waliliona zamani: Jumamosi na Jumapili, malori yakiwa machache, ozoni ilikuwa juu kuliko siku za kazi. Mwaka 2020 miji kadhaa ya China, Wuhan ikiwemo, ilipofungwa, nitrojeni dioksidi ilishuka sana na ozoni ikapanda.

Je, watu wa huko walipata hasara? Walipumua nitrojeni dioksidi kidogo, ambayo nayo inadhuru mapafu, na ozoni zaidi. Funzo ni kwamba mtawala asipunguze upande mmoja akadhani kazi imekwisha. Apunguze nitrojeni na mvuke kwa pamoja, na aendelee kushusha nitrojeni mpaka avuke kilima, yaani kile kipindi ambacho ozoni hupanda kwanza kabla ya kushuka. Los Angeles ya leo ina ozoni chini sana kuliko ile ya miaka ya 1970, licha ya kilima hicho.

Kwetu mambo ni kinyume na mji mkubwa. Nitrojeni ni chache, mvuke wa miti na mikoko upo daima. Hapa kupunguza moshi wa injini kunashusha ozoni bila kilima. Kwa hiyo sera ya Nairobi ikinakiliwa neno kwa neno ikaletwa Lamu, inaweza kukosa shabaha, na ya Lamu ikipelekwa Nairobi vivyo hivyo.

Kwa nini tusiagize petroli iliyotengenezwa kupunguza ozoni?

Soma kilichowapata Santa Monica, California. Sheria ya hewa ya Marekani ya 1990 ilitaka petroli ya miji yenye hewa chafu iwe na oksijeni zaidi, na kampuni nyingi zikachagua kemikali iitwayo MTBE. Hewa ilinufaika. Lakini MTBE huyeyuka upesi katika maji, na matangi ya chini ya ardhi huvuja. Mwaka 1996 Santa Monica ilifunga visima vyake vingi vya maji kwa sababu hiyo, na baadaye California ikaipiga marufuku.

Sasa fikiria Amu, ambako maji ya kunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga haushiki kitu. Kosa kama hilo hapo lisingekuwa na kisima cha pili cha kukimbilia. Kila kinachotiwa kwenye mafuta kwa ajili ya hewa kiulizwe kwanza kitafanya nini majini.

Ni kweli dawa ya pumu ya kuvuta ilibadilishwa kwa sababu ya ozoni?

Ndiyo, lakini ile ya juu. Inhela za zamani zilisukumwa na gesi za CFC, ambazo ziliondolewa hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa zilikuwa zikiitoboa ozoni ya angani. Marekani iliacha inhela za salbutamol za CFC mwisho wa 2008, na za aina mpya zilikuja na bei ya juu. Yaani mgonjwa wa pumu alilipa ili ngozi za watu wote zilindwe. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini bili iliangukia mtu asiyestahili. Hapa kwetu, mgonjwa anayevuta nusu ya dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi anajua bili hiyo ina maana gani.

Mbona mnahangaika na ozoni, na mama anapikia kuni kila siku?

Mama ana haki ya kuuliza hivyo. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Katika nyumba ya makuti yenye jiko la kuni, kinachoua ni chembe za moshi, na ozoni iko mbali nyuma. Mtu akinipa shilingi moja ya kutumia kwa mapafu ya watu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, nitaipeleka kwenye jiko kwanza.

Ila vitu hivi vinagusana. Moshi wa kuni, makaa na taka hutoa pia mvuke na methani vinavyojenga ozoni, hivyo jiko safi hutibu vyote viwili. Na hapa ndipo sera ya mafuta inapomuumiza maskini. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia wanaochakachua dizeli. Sababu ilikuwa ya maana: dizeli iliyochakachuliwa huharibu injini na kuongeza moshi. Lakini mafuta ya taa yakipanda na gesi ya mtungi haishikiki, mama anarudi kwenye makaa na mikoko. Kisha Julai 2021 gesi ya mtungi nayo ikatiwa VAT ya asilimia 16. Ilipunguzwa hadi 8 mwaka 2022, na 2023 ikaondolewa. Kwa miaka hiyo miwili tulisafisha hewa ya barabarani na kuichafua ya jikoni, na aliyelipa ni yule aliyeinamia jiko.

Kwa hiyo nikiulizwa kama nataka kanuni kali za ozoni, ninasema ndiyo, mradi zisilipwe kupitia bei ya gesi.

Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ungeongeza ozoni?

Mtambo wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ungetoa oksidi za nitrojeni kwa wingi katika hewa ambayo haina nyingi. Karibu na bomba ozoni ingeshuka kidogo. Mbali zaidi, chini ya upepo, ingepanda. Wakati wa kaskazi upepo huo unaelekea miji ya Hindi na Mokowe, na kisiwani Lamu. Mjadala wa wakati ule ulitawaliwa na majivu, zebaki na samaki, na ozoni haikusikika sana. Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi tarehe 26 Juni 2019, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mazao yanaathirika?

Ndiyo. Maharagwe, soya, ngano na pamba ni miongoni mwa mimea inayoumizwa na ozoni. Mkulima wa pamba Mpeketoni ana sababu yake ya kufuatilia habari hizi.

Barakoa inasaidia?

Kwa ozoni, hapana. Ni gesi, inapita kitambaa na hata barakoa za vumbi za kawaida. Kwa moshi wa jaa linaloungua, barakoa nzuri inasaidia kiasi.

Na mashine za ozoni za kuondoa harufu vyumbani?

Zinauzwa kwa wenye nyumba za wageni Malindi na Watamu kama "hewa safi ya mlimani". Kiasi cha ozoni kinachoua harufu ya sigara kinaunguza pia mapafu ya mhudumu anayetandika kitanda. Fungua madirisha, fua mapazia. Kusafisha maji ya chupa kwa ozoni kiwandani ni jambo lingine, maana ozoni huvunjika kabla maji hayajafika dukani.

Mtoto wangu ana pumu. Nimzuie kucheza nje?

Usimzuie. Mtoto asiyekimbia anapata madhara yake mengine. Chagua saa. Hapa bahati nzuri jua na ozoni vinakubaliana: kabla ya saa nne asubuhi vyote viwili viko chini. Tatizo la asubuhi ni lingine, yaani jirani anayewasha jiko au kuchoma taka, kwa hiyo angalia upepo unatoka wapi kabla ya kumruhusu. Baada ya saa kumi jua limepoa, lakini siku isiyo na upepo ozoni huenda bado ipo. Akianza kukohoa, apumzike. Inhela iwe mfukoni mwake au kwa mwalimu, isiwe imefungiwa kabatini nyumbani.

Na madirisha? Ukifunga yote alasiri, ozoni ndani hupungua, lakini nyumba ya mabati bila feni inageuka tanuri, na joto nalo linaua. Kwenye nyumba kama hiyo, acha wazi.